Porsche 911, Nissan GT-R au Corvette ya mtumba: lipi la kuachwa lilivyo, lipi la kuongezewa nguvu

Porsche 911 ya kizazi cha 997, Nissan GT-R R35 na Chevrolet Corvette C6 ni magari ya nchi tatu tofauti na tabia tatu tofauti, lakini anayetafuta gari la kasi la mtumba hujikuta ameyaweka yote kwenye karatasi moja. Yaliingia sokoni kwa kufuatana, kati ya 2004 na 2007. Yote yana mbio kuliko barabara yoyote ya kawaida inavyoruhusu. Na yote, kwa umri yalio nao sasa, yamekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa.

Ukiyapanga kwa takwimu za kiwandani, GT-R inashinda na mjadala unakwisha hapo hapo. Lakini takwimu za kiwandani ni za gari jipya. Anayenunua mtumba ananunua kilichobaki baada ya wengine kulipeleka kwenye saketi ya mbio, kuliongezea nguvu, kuliuza, na aliyefuata akaongeza zaidi. Kwa hiyo nayalinganisha kwa kigezo kingine: kadiri gari linavyokubali kuongezewa nguvu kwa urahisi, ndivyo la mtumba linavyostahili kutiliwa shaka zaidi. Magari haya matatu yanakaa sehemu tatu tofauti kwenye kipimo hicho, na ukielewa kila moja limekaa wapi, nusu ya uamuzi imekwisha fanyika.

Kwa nini moja linaongezeka kirahisi na jingine linagoma

Injini ni pampu ya hewa. Inayovuta hewa yenyewe, bila turbo, inapata kile ambacho angahewa inaipa, basi. Kuipa nguvu zaidi ni lazima uguse vyuma: kamshafti, silinda hedi, ukubwa wa injini yenyewe. Yenye turbo inasukumiwa hewa, na kiasi cha msukumo huo kinaamuliwa na kompyuta. Ukibadilisha programu ya kompyuta, turbo inasukuma zaidi, mafuta yanaongezwa, na gari lililoingia gereji asubuhi linatoka jioni likiwa na nguvu nyingine kabisa, bila kufunguliwa boliti ya maana.

GT-R ina turbo mbili. Injini yake ya VR38DETT, V6 ya lita 3.8, ilianza na nguvu za farasi 480 mwaka 2007, ikapandishwa hadi 530 mwishoni mwa 2010, na kufikia 570 mwaka 2016 kwa matoleo ya kawaida. Angalia hiyo namba ya kwanza na ya mwisho: injini ileile, turbo mbili zilezile kwa mpangilio, tofauti ya farasi 90. Mafundi wa nje waliona mapema kwamba kiwanda kilikuwa kimeacha nafasi kubwa, na wakaijaza.

911 ya kawaida, yaani Carrera na Carrera S, haina turbo. Injini yake ya silinda sita zilizolala ina lita 3.6 au 3.8. Ukiweka ekzosi mpya na programu mpya unapata farasi kumi, pengine ishirini, na sauti. Hapo Porsche wenyewe walishakamua karibu kila kitu, na fundi akikuahidi zaidi ya hapo bila kufungua injini, mwombe akuonyeshe karatasi za kipimo cha kabla na baada.

Corvette nayo haina turbo, ila ina lita sita na zaidi, silinda nane, na kamshafti moja tu iliyokaa katikati ya bloku. Mpangilio huo ni wa kizamani, na ndio uliofanya injini za familia ya LS zipendwe na mafundi duniani kote. Kubadilisha kamshafti moja ni kazi nyepesi kuliko kubadilisha nne. Kamshafti kali, manifoldi ndefu za ekzosi na programu ya kulinganisha vinaongeza farasi kwa makumi, na anayetaka zaidi anafunga supachaja (pampu ya kusukuma hewa inayozungushwa na injini yenyewe) inayouzwa ikiwa kamili na vifaa vyake vyote.

911: injini kwanza, mengine baadaye

Ukifungua boneti ya 911 utakuta sehemu ya mizigo. Injini iko nyuma. Na huko nyuma ndiko macho yote yanapaswa kuelekea, kwa sababu 997 ni magari mawili yaliyovaa bodi moja.

La kwanza, kuanzia 2004, lina injini ya familia ya M96/M97: farasi 325 kwa Carrera, 355 kwa Carrera S. La pili lilianza 2008 kama modeli ya 2009, na injini yake iliundwa upya kabisa, mafuta yakinyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda: farasi 345 na 385. Gia za otomatiki za Tiptronic zikaondoka, ikaja PDK ya klachi mbili na gia saba.

Injini ya kwanza ina mambo mawili ya kukuamsha usiku. Moja ni beringi ya shafti ya kati, ile inayojulikana kwa herufi IMS. Ikivunjika, vyuma vinaingia kwenye oili na taimingi inaweza kuhama, na injini inakuwa ya kutupa. Sifa hii mbaya ilianza na 996, gari lililotangulia. Katika 997 nyingi za mwanzo beringi iliyowekwa ni kubwa zaidi na haivunjiki kwa wingi kama ile ya zamani, lakini ina ubaya wake: haitoki bila kuipasua injini katikati. Kwa hiyo muuzaji akikwambia amebadilisha beringi ya IMS kwenye gari la 2007 kwa kazi ya mwisho wa wiki, muulize vizuri. Magari machache ya mwanzo kabisa yanaweza kuwa na beringi ndogo inayobadilishika, mengine hayana.

La pili, na kwa maoni yangu ndilo la kuogopa zaidi, ni mikwaruzo ya kuta za silinda. Pistoni inapoteza rangi yake ya kinga na kuanza kukwaruza ukuta wa silinda. Injini ya 3.8 ndiyo inayotajwa zaidi, na mara nyingi upande mmoja huanza kabla ya mwingine. Dalili zake si za siri: mlio wa kugonga-gonga injini ikiwa imepata joto, oili inayopungua kuliko kawaida, na bomba moja la moshi lenye masizi mengi kuliko lenzake. Tembea na kitambaa cheupe, ufute mabomba yote mawili, ulinganishe. Kisha usilipe hata senti kabla fundi hajaingiza kamera ndani ya silinda. Kamera ya kupitia tundu la plagi inaonyesha sehemu ya juu. Inayopitia chini, sampu (beseni la oili chini ya injini) ikiwa imefunguliwa, inaonyesha pale mikwaruzo inapopenda kujificha.

Injini ya kuanzia modeli ya 2009 haina hiyo shafti ya kati kabisa. Hilo pekee linaeleza kwa nini bei zake ziko juu, na kwa nini tofauti hiyo ni halali kulipwa.

Kuna kitu kimoja 911 inakupa ambacho wengine hawakupi kwa uwazi kama huo. Kompyuta ya injini ya 997 inahesabu kila mara injini ilipozungushwa kupita kiwango, ikigawa katika ngazi sita, na inaandika saa ya injini tukio la mwisho lilipotokea. Ngazi za chini si habari. Ni mtu aliyekanyaga mafuta hadi kikomo. Ngazi za juu hazifikiwi kwa kukanyaga mafuta, kwa sababu kikomo kinazuia. Zinafikiwa pale dereva wa gia za mkono anapokosea, akatoka gia ya tatu akaingiza ya pili badala ya ya nne, na magurudumu yakailazimisha injini. Karatasi hiyo inachapwa kwa dakika chache. Muuzaji anayekataa ichapwe amekwisha jibu swali.

Na 911 Turbo? Ile ya 2006 hadi 2009 ina farasi 480 na injini ya ukoo mwingine, ukoo uleule uliotoa injini ya 911 GT1 iliyoshinda Le Mans mwaka 1998. Haina tatizo la beringi ya IMS. Tatizo lake ni mabomba ya maji yaliyounganishwa kwa gundi, ambayo gundi ikichoka yanachomoka na kumwaga maji yote barabarani. Dawa ni kuyachomelea au kuyafunga kwa pini, kazi inayotaka injini ishushwe. Uliza kama imefanyika. Ila ukishaingia kwenye Turbo, kanuni ya mwanzo inageuka: hili ni gari linaloongezewa nguvu kwa programu, kwa hiyo likague kama unavyoikagua GT-R.

GT-R: gari linaloweza kukuficha mambo

Hapa ndipo mnunuzi anapouziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi zaidi. Si kwa sababu gari ni bovu. Ni kwa sababu GT-R iliyokuwa na farasi 700 wiki iliyopita inaweza kurudishiwa programu ya kiwandani, ekzosi ya kiwandani, na kusimama sokoni ikiandikwa "haijaguswa".

Injini yenyewe ni imara. Kila moja ilikusanywa kwa mikono na fundi mmoja huko Yokohama. Kiungo dhaifu kiko nyuma. Giaboksi ya klachi mbili, GR6, imewekwa pamoja na difu ya nyuma ili kugawa uzito, na kutoka hapo shafti nyingine inarudi mbele kuendesha magurudumu ya mbele. Ni uhandisi wa kupendeza, na kuukarabati ni ghali sana. Magari ya mwanzo yalipigwa na tabia ya wamiliki kuondoka kwa mfumo wa kuruka kutoka kusimama, tena na tena mbele ya marafiki, na Nissan ikabadilisha programu hiyo ili ipunguze mshtuko kwa gia.

Kwa hiyo ukaguzi wa GT-R huanzia kwenye giaboksi. Oili yake ni maalumu na inaingia karibu lita kumi; risiti za kuibadilisha zina thamani kuliko risiti za rimu na bampa. Endesha gari likiwa baridi, kisha likiwa limepata joto. Gia zinapaswa kupanda na kushuka bila kusita, na kuingiza rivasi kusiwe na mgongano mkubwa. Utasikia milio ya vyuma mwendo mdogo, hiyo ni tabia ya gari. Mlio wa kutikisika unaotoka nyuma ya injini gari likiwa limesimama linanguruma ni beringi ya shafti iliyo ndani ya kengele (bell housing), kava la nyuma ya injini; unajulikana sana kwa magari ya mwanzo, unaudhi zaidi ya unavyotisha. Taa ya giaboksi kuwaka ni habari nyingine kabisa.

Kisha tafuta alama za mikono. Klampu za hosi za intakula (kipoza hewa ya turbo) ambazo si za kiwandani. Boliti za ekzosi zinazong'aa wakati zilizo jirani zina kutu. Nozeli za mafuta zenye rangi au namba isiyo ya kiwandani, kwa sababu watu hukumbuka kurudisha ekzosi lakini nozeli huziacha. Programu za EcuTek na Cobb ndizo zilizoenea kwa gari hili. Uliza moja kwa moja kama zimewahi kuwekwa, kwenye injini na kwenye kompyuta ya gia, na nani aliziweka. Gari pia lina kinasa data chake, na fundi mwenye vifaa vya Nissan anaweza kusoma hali ya klachi. Njia ya mwongo ni fupi, hasa inapopita kwenye kompyuta.

Hadi wapi inaongezeka? Ekzosi, mabomba ya kuingiza hewa na programu vinaifikisha GT-R jirani na farasi 600 bila kufungua injini. Ukivuka hapo, konrodi za kiwandani ndizo za kwanza kutiliwa mashaka, na giaboksi inataka kuimarishwa. Wengi huanza na bajeti ya hatua ya kwanza wakiwa na ndoto ya hatua ya tatu, na kinachowakwamisha si injini bali gia.

Corvette: haifichi kitu, na si ghali kuitibu

C6 ilitengenezwa Bowling Green, Kentucky, kuanzia modeli ya 2005 hadi 2013. Ilianza na injini ya LS2 ya lita 6.0 yenye farasi 400. Modeli ya 2008 ikaleta LS3 ya lita 6.2 yenye farasi 430. Ina uzito wa karibu kilo 1,450, dhidi ya 1,740 za GT-R. Usukani uko kushoto tu, kiwanda hakikutoa mwingine, kwa hiyo kama nchi yako ina sheria juu ya hilo, uamuzi umekwisha kufanywa kwa niaba yako.

Kwa ukaguzi ni gari la ukweli. Iliyobadilishwa kamshafti utaijua ikinguruma pale iliposimama: inayumba, inadundadunda, haitulii kama ya kiwandani. Supachaja huwezi kuificha, inaonekana ukifungua boneti. Matatizo ya kawaida yanajulikana: puli ya mbele ya krenkishafti inayotikisika (itazame injini ikinguruma, utaona yenyewe), na paa la kutoa la magari ya mwanzo ambalo gundi yake iliitishwa kiwandani irekebishwe. Bodi haina kutu kwa kuwa si ya bati, lakini ajali iliyozibwa vizuri kwenye bodi ya namna hiyo ni ngumu kuiona, na kipimo cha unene wa rangi kinachotegemea chuma hakikusaidii. Angalia chasi chini, angalia mistari ya milango. Ndani, plastiki zake hazikuwahi kuwa za kujivunia, hata gari lilipokuwa jipya.

Z06 ya lita 7.0 na farasi 505 ni hadithi yake. Chasi yake ni ya alumini, ina sampu kavu (oili hukaa kwenye tangi la pembeni, si chini ya injini), na injini yake LS7 inapanda hadi mizunguko 7,000. Pia ina miongozo ya valvu (valve guides) ambayo hulika mapema katika injini nyingi, valvu ya ekzosi ikaanza kucheza, na mwisho kichwa chake kinaweza kukatika na kuangukia pistoni. Sishauri mtu anunue Z06 isiyo na risiti ya silinda hedi kupimwa au kutengenezwa, isipokuwa bei yake tayari imepunguzwa kwa gharama ya kazi hiyo. Anayetaka mwonekano mpana wa Z06 na breki kubwa bila wasiwasi huo atafute Grand Sport, iliyotoka kama modeli ya 2010 na injini ya LS3. Ile ya kupe yenye gia za mkono ina sampu kavu pia.

Kununua lililokwisha ongezewa nguvu, au safi ukaliongezea mwenyewe?

Hoja ya kununua lililokwisha kutengenezwa ni ya pesa: aliyetangulia alilipia vifaa na kazi, na soko karibu halimrudishii chochote. Unapata ekzosi, shokapu za kurekebishika na breki kubwa kwa bei ya gari tu. Hoja ya kutonunua ni kwamba pamoja na vifaa unachukua maamuzi ya mtu usiyemjua, na matumizi yaliyomfanya avitake.

Mimi nayagawa mabadiliko kwa kinachotokea yakifanywa vibaya. Shokapu mbaya zinatolewa, unaweka nyingine. Pedi za breki, rimu, ekzosi ya nyuma, vivyo hivyo. Programu mbaya ya injini ni kitu kingine. Mchanganyiko ukiwa na mafuta machache kuliko hewa, au moto wa plagi ukiwahi, mafuta yanalipuka kabla ya wakati ndani ya silinda, na pistoni inapata vipigo ambavyo havionekani hadi siku ringi zinapoachia. Programu hiyo inaweza kuwa imefutwa mwaka jana. Madhara yake hayakufutwa. Ndiyo maana gari lenye turbo nalitaka lipimwe mgandamizo wa silinda na uvujaji wake kabla ya lolote, hata kama muuzaji ni mtu mwema.

Gari lililobadilishwa ambalo naweza kulikubali lina mmiliki mmoja tangu mabadiliko yalipofanywa, karatasi za kipimo cha nguvu zenye tarehe, jina la gereji ninayoweza kuipigia, na vifaa vya kiwandani vikiwa kwenye maboksi. Maboksi hayo ni ya muhimu kuliko yanavyoonekana. Katika nchi nyingi gari lililotolewa kichujio cha moshi halipiti ukaguzi, na bima isiyoambiwa juu ya mabadiliko ina sababu nzuri ya kukataa kulipa siku ya ajali. Bila vifaa vya kiwandani, kulirudisha gari kwenye sheria ni gharama yako.

Pesa ya kwanza iende wapi

Si kwenye nguvu. Hapa magari yote matatu yanakubaliana, ila kila moja kwa sababu yake.

Matairi kwanza. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa msimbo wa DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi iliyoandikwa 2314 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hata kama kashata zake zimejaa, mpira wake umekauka. Magari ya aina hii hukaa sana bandani, kwa hiyo matairi hufa kwa umri kabla ya kuisha. Gari la farasi 500 kwenye matairi makavu linapitwa na gari la farasi 300 kwenye matairi mapya, na kwenye mvua linakwenda mtaroni.

GT-R inafuata na breki. Kilo 1,740 zikisimamishwa kutoka mwendo mkali mara tano mfululizo zinachemsha oili ya breki, na oili ya zamani iliyonyonya unyevu inachemka mapema zaidi. Oili mpya inayostahimili joto na pedi nzuri ni bei ya chini kuliko programu, na dereva atazihisi zaidi.

911 ya kawaida imetoka kiwandani na breki nzuri mno. Inachokosa mara nyingi ni difu yenye kufunga magurudumu mawili pamoja, ambayo haikuwa ya lazima kwenye Carrera. Hiyo na upimaji makini wa pembe za magurudumu vinaibadilisha 911 kwenye kona kuliko ekzosi yoyote. Corvette inataka shokapu. Springi zake ni bapa za kukingama, si za kuzunguka, na shokapu za kiwandani zilizochoka humfanya dereva aamini gari ni baya kumbe limechoka tu. Kwa saketi, LS3 isiyo na sampu kavu itazamwe kiwango cha oili na joto lake kwa ukali, kwa sababu kona ndefu husukuma oili upande mmoja.

Kushusha gari chini na kuweka rimu kubwa, nitasema kwa ufupi: rimu nzito inaharibu kazi ya shokapu, na gari lililoshushwa sana linafika mwisho wa springi kabla halijamaliza tuta. Wauzaji huita hayo maboresho. Mara nyingi nayahesabu kama gharama ya kuyaondoa.

Nani achukue lipi

Asiyetaka kubadilisha kitu, anayetaka gari la kuendesha kila wiki na kuliuza baada ya miaka mitano bila kulia, achukue 911 ya modeli ya 2009 na kuendelea, Carrera S ikiwezekana, likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Akipata ya kabla ya hapo kwa bei nzuri, sawa, lakini kamera iingie silindani na bei ibaki na pengo la kutosha kwa injini. Carrera ya 3.6 katika kipindi hicho ni chaguo la busara kuliko S, ingawa watangazaji wa magari hawatakwambia.

Anayependa kushika spana mwenyewe, anayetaka nguvu nyingi kwa pesa chache, asiyejali plastiki, C6 yenye LS3 inamfaa kuliko yote. Spea zake ni nyingi, injini inaeleweka, na kosa la kamshafti moja halimfilisi mtu. Anunue safi, aongeze taratibu.

GT-R ni ya yule anayejua anachotaka na ana akiba. Magari ya 2011 na kuendelea yana farasi 530 au zaidi, giaboksi iliyopitia marekebisho ya miaka ya mwanzo, na mara nyingi hayahitaji kuguswa. Tofauti ya bei na yale ya mwanzo huliwa haraka na ukarabati mmoja wa gia. Uzalishaji wake ulikoma Agosti 2025, na zilizobaki safi hazitaongezeka, kwa hiyo iliyo kamili na maboksi yake ya vifaa vya kiwandani ina faida ya kushikiliwa. Na kama lengo ni farasi 700, fedha ya giaboksi itengwe kabla ya ile ya turbo. Muuzaji akisema giaboksi ya kiwandani inahimili, muulize oili yake ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na akuonyeshe risiti.